Waya wa Kurudi

Kabla hujacheka, nikuambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni spika, redio na mashine za muziki, na mfukoni natembea na mita ya kupimia umeme kama wengine wanavyotembea na tasbihi au rozari. Ukiniambia waya ni mzima sikuamini, naupima. Ukiniambia nyumba yako ina majini, nitakuuliza kwanza paka wako analala wapi. Kwa hiyo haya ninayokusimulia usiyaweke kwenye fungu la hadithi za kubembelezea watoto. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa sijaonja hata tone la pombe.

Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kwaya nyingi zimeimbia kwenye nyaya nilizofunga kwa mikono hii. Sijisifu. Au tuseme ninajisifu kidogo, na sifa ndizo zilizoniponza, utaona.

Jirani yangu ni Mzee Assumani, Mwislamu wa Kindu, muuza chumvi na samaki wakavu. Mimi ni Mkristo wa Uvira, Kongo hiyo hiyo, lakini ukishakaa kambini miaka kama sisi, jirani ndiye huyo huyo ndugu. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Zaina. Walipokimbia vita walivuka mto kwa mitumbwi miwili. Mzee na mkewe walipanda wa kwanza, Zaina akapanda wa pili kwa sababu wa kwanza ulikuwa umejaa. Wa kwanza ulifika. Wa pili hakuna aliyeuona tena, wala ubao wake, wala kiatu cha mtu.

Mkewe alikuja kufariki hapa hapa kambini, akazikwa, akasomewa hitma yake kama inavyotakiwa. Zaina hakusomewa. Watu walimshauri mzee, masheikh walimshauri, yeye akakataa miaka yote. Alikuwa na kaseti ya harusi moja ya kwao ambayo binti yake aliimba, ngoma upande wa kushoto, gitaa upande wa kulia, na sauti ya Zaina katikati. Nilimhamishia wimbo huo kwenye flashi ili kaseti isije ikakatika. Kila alasiri, baada ya sala, aliuweka. Ukimgusia habari ya hitma alikuwa na jibu moja.

"Mi siwezi kusomea mutu mwenye anaimba mu nyumba yangu."

Sasa sikiliza kosa langu, maana kila kitu kilianzia hapo. Spika moja inahitaji waya wa kwenda na waya wa kurudi. Spika mbili, nyaya nne. Lakini sisi mafundi wa kambini tuna ujanja wetu wa kubana matumizi: tunavuta nyaya tatu tu, spika zote mbili zikarudia kwenye waya mmoja wa katikati. Inafanya kazi, huwezi kujua tofauti. Ndivyo nilivyomfungia mzee, nikapitisha nyaya chini ya mkeka, nikaondoka nikipiga mluzi.

Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tisa, mzee akaja kunigongea. Sauti ya Zaina imetoka kwenye wimbo, alisema. Nilidhani ni uzee. Nikaenda, nikasikiliza, na kweli bwana: ngoma ipo, gitaa lipo, lakini pale mwanamke anapotakiwa kuimba pana shimo tupu. Nikaweka sikio kwenye spika ya kwanza, inalia. Ya pili, inalia. Nikajitia mjuzi. Nilimwambia kama spika zote zinalia basi waya ni mzima, kasoro iko kwenye wimbo wenyewe, sauti imechoka. Na hiyo mita ilikuwa mfukoni! Sikuitoa. Nilikuwa na kazi nyingine inaningoja kanisani.

Mzee akazima mashine.

"Basi njo ameenda," akasema. Njo, kwa watu wa kwetu, ni ndiyo.

Wiki ile ile akatangaza hitma ya Zaina, Ijumaa inayofuata. Alitaka spika zitolewe uani, ili watakaokaa nje nao wasikie kisomo. Akanituma Lilongwe nikamchagulie waya mrefu zaidi, mzuri. Nilikata kipande cha ule wa zamani, urefu wa kiganja, nikakitia mfukoni kiwe mfano, nikaondoka Jumatano asubuhi.

Oktoba yetu unaijua. Joto linakuingia kichwani, moshi wa nyasi zinazochomwa unasimama angani, na maua ya jakaranda yamelala barabarani kama nguo ambazo mtu amesahau kuanua. Nilizunguka mjini kwenye maduka, kisha nikaenda soko la Area 25. Kuchagua waya si kama kuchagua nyanya. Unakwangua ncha kwa wembe. Ukiona ndani kumeng'aa weupe, huo si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake. Unaupima uzito mkononi. Unaukunja na kuukunjua. Na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyotakiwa uwe mnene, la sivyo sauti inafika imechoka. Nilikwangua waya hadi wembe ukawa butu, na kila nilipokwangua nilikuta weupe.

Alasiri umeme ukakatika sokoni. Kama umewahi kuwa pale unajua makelele yake, kila kibanda na muziki wake. Vyote vikanyamaza kwa mara moja. Ukimya ulikuwa mkubwa hata nikasikia majani ya mboga yakikatwa. Na ndani ya ukimya huo, kwa mbali, kuna spika moja haikunyamaza. Ngoma, na gitaa.

Nikafuata. Kwa nini nilifuata? Sijui, miguu ilikwenda. Nilipita vibanda vya mitumba, nikapita mafundi baiskeli waliolala juu ya magurudumu yao, nikatokea nyuma ya soko kwenye ukuta mrefu. Pale palikuwa na mwanamke amesimama, kitenge cha kijani, na kando yake vibunda vya waya vimening'inia kwenye misumari ukutani. Chini palikuwa na spika ndogo, ndiyo iliyokuwa ikilia. Ngoma, gitaa, na pale penye shimo mwanamke yule alikuwa akiimba mwenyewe polepole, kama mtu anayepepeta mchele.

Fundi ni fundi. Jicho langu lilikwenda kutafuta betri. Nikafuata waya wa ile spika kwa macho: ulitambaa kwenye vumbi hatua mbili, halafu ukaisha. Ncha zake mbili zilikuwa zimelala wazi mchangani, hazijaunganishwa na kitu chochote. Niamini, niliziona kama ninavyokuona wewe.

Utaniuliza mbona sikukimbia, na wimbo ule mbona sikuutambua. Umewahi kusinzia njiani, mtu akaita jina lako, ukasikia kabisa ni jina lako lakini ukaona uvivu kuitika? Ndivyo nilivyokuwa. Nilijua, na sikujua. Kulikuwa na upepo mdogo wa ubaridi pale, na mimi nilikuwa nimechoka na joto, na nilitaka tu kukaa.

Aliniita fundi kabla sijasema kazi yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha Kongo, nami nikafurahi kama mtu yeyote anavyofurahi ugenini. Aliuliza waya ni wa kazi gani. Nikamwambia mzee mmoja kule Dzaleka anamsomea binti yake hitma, na ili aone kuwa nina akili nikaongeza kwamba hata sauti ya huyo binti imekwisha kutoka kwenye wimbo. Akanyoosha mkono. Nikampa kile kipande cha waya. Hakukikwangua, alikiweka sikioni.

"Sauti haiyatoka," akasema. "Hii ya katikati njo imekufa. Bafle mbili haziwezi kurudiya njia moja, fundi. Kila moja na njia yake."

Bafle ndizo spika, kwa watu wa kwetu. Nilitaka kubisha, kwa sababu kipande nilichompa hakikuwa na mkatiko wowote. Lakini alikuwa tayari ameshusha kibunda kutoka ukutani na ameanza kupima kwa pima ya mikono, mkono wa kushoto ukitangulia. Nyaya mbili zilizoshikana, mmoja una mstari mwekundu ili usichanganye kwenda na kurudi. Nikakwangua ncha. Shaba tupu, nyekundu hadi ndani. Akapima pima nane, ambazo zingetosha sebule na ua wote wa mzee, akaendelea. Nilimwambia inatosha. Akafika kumi na nne, akakata kwa meno. Halafu akapima kipande cha pili sawa na cha kwanza.

"Umwambie muzee asikawiye kusoma," akasema. "Njo maana nakupa ya kufika mbali. Nimechoka kusimama."

Nikadhani anasema uchovu wa biashara, nikamwambia pole mama. Nilipotoa mfuko kulipa alikataa, akasema kile kipande cha zamani kinatosha. Nilipoinama kuchukua mzigo wangu ndipo nikaona miguu yake. Ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye vifundo na kuloanisha vumbi, na tangu mwezi wa nne hapakuwa na mvua. Umeme ukarudi. Muziki wa soko zima ukafumuka, nikageuza kichwa kwa mshtuko, na nilipokirudisha palikuwa na ukuta na misumari mitupu. Na chini, nyayo mbili za maji zikikaushwa na jua.

Sikumuuliza jina. Mimi ninayepima kila kitu.

Nilifika Dzaleka jioni, na kesho yake Alhamisi nikaenda kwa mzee, nikainua mkeka. Safari hii nilitoa mita. Waya wa kwanza mzima. Wa tatu mzima. Wa katikati ulikuwa umekatika pale kizingitini, ambapo kila aingiaye hukanyaga. Nikaelewa kosa langu lote kwa pumzi moja. Waya wa kurudi ukikatika, spika mbili zinabaki kuegemeana, kilicho upande mmoja peke yake bado unakisikia, lakini kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Ngoma inabaki, gitaa linabaki. Anayeimba katikati anapotea.

Nikafunga nyaya nne kwa waya mpya. Ulibaki mwingi mno, nikaukunja kando ya ukuta. Nikaweka flashi. Zaina akaimba.

Sitaweza kukueleza uso wa yule mzee. Alikuwa jikoni na akina mama waliokuwa wakichambua mchele wa hitma. Alitoka na ungo mkononi, akausahau, mchele ukamwagika wote. Alinikumbatia mbele ya majirani. Alisema fundi huyu amenirudishia mtoto. Watu wakanipigia makofi, mke wangu akiwa pale anaona, na mimi nikavimba kama andazi. Pale pale mzee akatangaza hakuna hitma. Ijumaa chakula kililiwa, sheikh akamwombea Zaina dua ya msafiri, arudi salama.

Na ule ujumbe? Ningekuambia nilisahau ningekuwa mwongo. Niliumeza. Ningemwambiaje mtu aliyenibeba juu namna ile kwamba nimeona miguu ya mwanawe ikichuruzika maji?

Baada ya hapo mzee akaanza kujenga. Alisema Zaina akija atalala wapi, na yeye ni mtu mzima wa kuhitaji chumba chake. Kila asubuhi nilimwona na kibao cha kufyatulia matofali, mgongo umepinda, akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe. Chumba chenyewe alikiweka mwisho wa ua, mbali na moshi wa jiko. Akatuma majina ya binti yake kwa kila mtu anayetafuta watu waliopotea. Akimaliza kazi anaweka wimbo, ananipungia mkono kwa furaha. Kila mkono alionipungia ulinichoma, nakuambia kweli.

Na kwangu kukaanza kulowa. Mbele ya meza yangu ya kazi, ndani ya nyumba, juu ya saruji, kila alasiri palitokea nyayo mbili za maji, zikinielekea. Mke wangu alinilaumu namwaga maji ovyo, kisha akalaumu bati linavuja. Bati, wakati mvua haijanyesha? Nikazifuta kwa kitambaa, kesho yake zikarudi. Hazikutembea, hazikuja karibu. Zilisimama tu. Mvua zilipoanza mke wangu alipata hoja, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukonda, naacha nsima, ugali wa huku, sahanini. Mara mbili nilipokea mashine ya mteja nikamrudishia bila kuifungua.

Mwezi wa kwanza nikashindwa. Nilimkuta mzee ndani ya chumba kipya, kuta zimefika juu, bado kuezeka upande mmoja, analainisha ukuta kwa kiganja. Nikamweleza yote. Ukuta wa Area 25, spika isiyo na umeme, pima kumi na nne, ujumbe, miguu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Hakunitazama hata mara moja, aliendelea kulainisha pale pale.

"Alikuwa anaikala ao alikuwa anasimama?" akauliza.

"Anasimama, muzee."

Mkono wake ukasimama ukutani.

"Na we ulibaki na ile neno tangu mwezi ya kumi."

Nikasema ndiyo. Akaenda kunawa udongo mikononi, taratibu, vidole kimoja kimoja, na alipomaliza alilia kwa sauti kama mtoto. Na mimi nikalia. Nimezika watu wengi maishani, lakini sijawahi kuona mtu akizika kwa namna ile, akiwa amesimama kando ya ndoo.

Hitma ilisomwa Ijumaa iliyofuata, ndani ya kile chumba, maana mzee alisema ni cha Zaina. Akataka na sauti isikike hapo hapo. Nikaukunjua ule waya uliobaki, kutoka mashine ilipo sebuleni, kuzunguka jiko, kuvuka ua. Sasa usiniulize ilikuwaje. Siku unakatwa, chumba kile hakikuwepo hata kwenye mawazo ya mzee. Waya ulifika kwenye kona ya mwisho ya chumba, kwenye tundu la spika, ukatosha na usibakie hata upana wa kidole. Na wa pili vile vile. Sheikh akasoma, na wanaokaa upande wa pili wa kambi wanasema walisikia kila neno.

Jioni, watu walipotawanyika, mzee akaniomba nimwekee wimbo. Nikaweka. Ngoma ilikuja, gitaa likaja. Katikati palikuwa na shimo.

Nilishtuka, nikatoa mita. Waya wa kwanza mzima, wa pili mzima, wa tatu, wa nne. Nikapima tena. Nikakagua ncha zote, hakuna kilicholegea. Nilikuwa nimeshika bisibisi nifungue mashine yenyewe, mzee akaniwekea mkono begani.

"Acha, fundi. Usifungue kitu," akasema. "Amefika."

Tukakaa tukasikiliza wimbo mpaka mwisho bila yeye. Hadi leo ndivyo ulivyo. Nimeujaribu kwenye spika nyingine, kwenye simu, hata kaseti ya zamani kwenye redio ya zamani. Ngoma na gitaa. Sakafu yangu ni kavu tangu siku ile, lakini kila alasiri ikifika bado naitazama kabla sijakanyaga, na mke wangu hanicheki tena.

Wewe unayefunga muziki nyumbani kwako, nisikilize. Kwangua waya kabla hujanunua, na usimwamini anayeapa. Kila spika ipe waya wake wa kurudi, usije ukambania mtu njia kwa ajili ya hatua chache za shaba. Na mtu akikupa neno umpelekee mwenziwe, hata kama humjui, hata kama miguu yake imelowa, lipeleke siku hiyo hiyo. Mimi nililikalia tangu mwezi wa kumi mpaka wa kwanza, na muda wote huo kuna mtoto wa watu alikuwa amesimama.